Mwaka Tuliopimwa Matumbo

Mwalimu Ndimbo hakunitambua. Alisimama mbele ya ukumbi mmoja pale Kasulu, shati jeupe kalichomekea, kipaza sauti mkononi ingawa tulikuwa watu thelathini tu na hata wa nyuma kabisa angemsikia akikohoa, akatukaribisha kwenye semina ya siku mbili kuhusu mahitaji na changamoto za vijana balehe. Amestaafu. Nywele zimekwisha, kitambi kimekuja, lakini sauti ni ile ile ya mtu anayependa kujisikiliza. Tulikuwa wauguzi, matabibu, walimu wa malezi, wachungaji wawili na sheikh mmoja, kila mtu na chupa yake ya maji, kalamu na kabrasha. Ukurasa wa kwanza wa kabrasha ulisema kijana balehe anahitaji mambo saba, na la kwanza ni kusikilizwa. Mwalimu akatuamuru tulisome jambo hilo kwa pamoja, kwa sauti, kama watoto wa darasa la pili, na watu wazima wenye vyeti vyao wakasoma. Mimi sikusoma. Nilikuwa nauangalia mdomo wake. Mdomo ule niliwahi kuusikia mbele ya shule nzima ya sekondari kule Kibondo ukisema kwamba msichana ni yai, likishapasuka halishonwi, na wavulana wakacheka, na sisi wasichana tukatazama viatu vyetu kana kwamba kila mmoja wetu alikuwa na ufa.

Nina miaka arobaini na sita. Ni tabibu katika kituo cha afya, na siku mbili kila wiki nahudumia vijana peke yao, mlango umefungwa, bila mzazi wala mwalimu. Wenzangu huniambia nina moyo wa kazi hiyo. Sina moyo. Nina dharau, na dharau ikitunzwa vizuri hufanya kazi kwa muda mrefu kuliko huruma. Ya kwetu nayaacha, baba alikuwa nani na tulizaliwa wangapi, kwa sababu hayakuwa na neno katika jambo hili. Nitasimulia mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa kidato cha pili, nilipokuwa na miaka kumi na sita na kukaa chumba kimoja na Generoza.

Chumba kilikuwa cha uani, kwa mjane mmoja aliyeitwa Bibi Melania. Shule haikuwa na bweni, na sisi tuliotoka vijijini tulipanga vyumba mjini Kibondo, tukajipikia, tukajifulia, tukajilea. Wakubwa waliita mpango huo kujitegemea. Kitanda kilikuwa kimoja cha kamba, tukilala mzungu wa nne, kichwa changu miguuni pake. Ukuta ulikuwa wa udongo, na Generoza aliubandika magazeti ya zamani kwa uji wa muhogo, kwa hiyo kila asubuhi nilifungua macho nikitazamana na tangazo la mbolea. Tulikula ugali wa muhogo na maharage siku tano, siku ya sita isombe, ambayo wenye Kiswahili chao huiita kisamvu, na Jumapili dagaa kama mama yake alikuwa ametuma. Yeye alitoka Nyabibuye, kijiji cha mpakani. Wazazi wake walivuka kutoka ng'ambo kabla hajazaliwa. Yeye kazaliwa huku, kasoma huku, kaimba wimbo wa taifa kila asubuhi kwa sauti kuliko mimi, na bado kila mwalimu aliyeletwa kutoka mikoa ya mbali alimwita yule Mrundi. Alikuwa mrefu, mchapakazi, wa kwanza darasani kwa hesabu, na mchoyo wa maneno. Mimi nilikuwa wa kumi na moja kwa hesabu na maneno nilikuwa nayo mengi.

Nilikuwa nimevunja ungo mwaka uliotangulia. Generoza alikuwa bado. Naandika hivi kwa wepisi, lakini katika chumba kile hilo ndilo jambo pekee nililomzidi, nami nililitumia vibaya. Nilichana kitenge cha zamani vipande vipande, nikavikunja mbele yake kwa maringo, nikamfundisha mambo ambayo sikuyajua. Nilimwambia kwamba msichana anayechelewa ana damu baridi. Nilimwambia asile ndimu. Nilisema mambo haya kwa uhakika wa Mwalimu Ndimbo mwenyewe, kwa sababu ndivyo nilivyodhani ujuzi unavyosikika. Vipande vyangu nilivianika chini ya godoro, kwa kuwa Bibi Melania alikataza kuvianika kambani. Alisema mbuzi watavila na balaa liingie nyumbani. Vilikauka vikiwa na harufu ya ukungu, na nilivivaa hivyo hivyo, nikapata vipele, sikumwambia mtu. Darasani mwalimu wa baiolojia alipofika sura ya uzazi alituambia tukajisomee. Vitabu vilikuwa vinne kwa darasa zima, na katika vyote vinne kurasa zile zilikuwa zimechanwa na waliotutangulia. Walizitamani kuliko walimu walivyotamani kuzifundisha.

Kila mwezi Generoza aliumwa tumbo. Ilikuwa siku tatu, nne, kisha maumivu yanaisha. Alijikunja kitandani akaweka tumboni chupa ya soda yenye maji ya moto, akauma upande wa kanga asilie. Mimi nilidhani ni wivu wa mwili wake kwa mwili wangu. Bibi Melania alisema ni minyoo, akamchemshia majani machungu, naye akanywa na kutapika. Mwezi wa sita maumivu yakazidi, na tumbo likaanza kujaa chini ya kitovu, gumu, kama mtu aliyeficha kibuyu ndani ya sketi. Alianza kwenda chooni mara kwa mara na kukaa huko. Nilimwuliza kama anaumwa, akasema, “Nitapona mtihani ukiisha.” Tulikuwa na mtihani wa taifa mwezi wa kumi na moja, na Generoza alipanga kila kitu katika maisha yake, hata ugonjwa, baada ya mtihani. Hatukwenda hospitali. Ili uende hospitali ulihitaji ruhusa ya mwalimu wa nidhamu, na mwalimu wa nidhamu alikuwa Ndimbo, na kwa Ndimbo msichana mwenye tumbo alikuwa na ugonjwa mmoja tu.

Walitupima mwezi wa nane. Tulipewa taarifa mstarini asubuhi, wasichana wabaki, wavulana waende madarasani, na wavulana wakaenda wakigeuka nyuma. Tulipanga foleni nje ya stoo ya majembe. Ndani alikaa matroni, mwanamke aliyekuwa mpishi wa shule na kupewa cheo hicho kwa sababu alikuwa na watoto wake saba, kana kwamba kuzaa ni shahada. Uliingia, ukalala juu ya magunia, akakubonyeza tumbo kwa mikono yenye harufu ya vitunguu, akasema “haya” au hakusema. Mwalimu Ndimbo alisimama nje ya mlango na daftari la majina. Mimi niliambiwa haya. Generoza hakuambiwa kitu. Alikaa ndani muda mrefu, nami nilikuwa karibu na mlango kiasi cha kumsikia matroni akimwuliza lini mara ya mwisho aliona siku zake. Generoza akajibu kwamba hajawahi kuziona. Matroni akacheka, akamwita Mwalimu, akamrudia jibu lile kama mtu anayesimulia kichekesho. Mwalimu akasema, kwa upole kabisa, kwamba msichana wa miaka kumi na sita asiyeona siku zake ana sababu, na sababu ina baba yake.

Sasa nafika mahali ambapo kwa miaka mingi nilikuwa napita haraka. Saa nne niliitwa ofisini. Sikuwahi kuingia ofisi ile ila kuchapwa. Siku ile nilikalishwa kwenye kiti chenye mto, nikamiminiwa chai ya maziwa kutoka kwenye chupa ya walimu, nikapewa andazi. Mwalimu Ndimbo aliinama mbele, akaweka kalamu chini, akaniangalia usoni. Aliniuliza kama nimewahi kumwona Generoza akifua vitambaa. Nikasema sijawahi. Huo ulikuwa ukweli, na ulitosha kummaliza. Kama ningenyamaza hapo ningekuwa mjinga tu, na ujinga wa miaka kumi na sita mtu anaweza kuusamehe. Lakini chai ilikuwa na sukari nyingi, na mtu mzima alikuwa ananisikiliza, na nilihisi kwamba nikiishiwa maneno nitaambiwa nitoke. Akaniuliza kama kuna mwanamume. Nikasema kuna dereva.

Dereva alikuwepo kweli. Aliendesha lori lililopeleka chakula kambi ya wakimbizi ya Nduta, mtu wa Tabora, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alisimama kwa Bibi Melania kununua ndizi, na mara mbili alitupa sisi wawili mche wa sabuni, akatuambia tusome. Ni hivyo tu, hakuna zaidi. Mimi nikasema anampa Generoza sabuni. Nikasema humsubiri njiani. Nikasema niliwahi kuwaona wamesimama nyuma ya lori. Kila nilipoongeza, Mwalimu alitikisa kichwa polepole na kuandika, na mimi niliona maneno yangu yakigeuka wino, nikafurahi. Kabrasha la semina halikukosea. Kijana anahitaji kusikilizwa. Mwaka ule mzima nilisikilizwa siku moja, dakika kumi na tano, na nikalipa kwa kumtoa rafiki yangu.

Walimfukuza kesho yake mstarini. Alitolewa mbele, akasimama na sare yake iliyopigwa pasi kwa sufuria ya maji ya moto, na Mwalimu akazungumza juu ya maadili kwa muda mrefu hata jua likapanda. Alisema hawa wa ng'ambo ndivyo walivyo. Generoza hakulia. Aliinua mkono, kama anavyoinua darasani, na Mwalimu aliposhangaa kidogo akasema, “Mwalimu, mimi sijawahi kukutana na mtu. Naomba nipelekwe hospitali nikapimwe.” Mwalimu akajibu kwamba shule si gari la wagonjwa. Walimu wengine kumi na mmoja walikuwepo. Wawili kati yao walikuwa wanawake waliosoma chuo, na naamini mmoja angalau alijua kwamba tumbo la msichana linaweza kuvimba kwa sababu nyingine. Walitazama milima. Nimekutana nao baadaye katika maisha. Wamezeeka vizuri, wana bustani.

Chumbani nilimsaidia kufunga vitu vyake. Aliacha magazeti ukutani na chupa ya soda. Aliniuliza waliponiita ofisini walitaka nini, nikasema walitaka kujua kama tunalipa kodi ya chumba kwa wakati. Alinitazama sana, kisha akasema, “Sawa, Paskazia.” Kwa kawaida aliniita Paska. Nilimsindikiza hadi kwenye gari la kwenda Kakonko, njia ya kwao, na alipopanda alishika tumbo lake kwa mikono miwili kama mtu anayebeba kitu cha mwingine.

Nilibaki na kitanda kizima. Nilidhani nitalala vizuri. Nilikula peke yangu na kumsikiliza Bibi Melania na jirani yake wakipepeta maharage uani, na hivyo ndivyo nilivyojua yaliyofuata, kwa maana wanawake wale hawakushusha sauti kwa ajili ya mpangaji. Walisema kaka zake Generoza wamekuja kutoka Nyabibuye wamemvizia yule dereva aliyetajwa shuleni, kituo cha mafuta, wakamvunja mkono, na waajiri wake wamemrudisha kwao, maana hawataki mambo. Jirani akasema amepata stahiki yake. Bibi Melania akasema, “Yule kijana alikuwa na heshima, lakini usoni huwezi kujua.” Nilikuwa nimeshika tonge. Nililimeza. Ningeweza kutoka nje hatua nne na kusema. Niliosha sahani, nikafungua daftari la jiografia.

Mwezi wa kumi na mbili, baada ya mtihani, nilikuwa nafunga vitu vyangu niende likizo alipofika mama yake Generoza. Alikuwa mwanamke mdogo, miguu imejaa vumbi, na Kiswahili alikijua cha sokoni tu. Alinisalimu kwa Kiha, mwakeye, akakaa chini kwenye jamvi, akaniambia Generoza yuko barazani kwa jamaa yao karibu na stendi, hawezi kutoa mkojo tangu jana. Aliniambia miezi imepita, tumbo liko pale pale, kila mwezi anapiga kelele kama mtu wa uchungu lakini mtoto haji. Kijijini walisema amemfunga mtoto kwa dawa. Baba yake hakai naye meza moja. Watu wamemwambia kuna hospitali kambini Nduta, madaktari wa kule hawaulizi sana, lakini wanasema Kiswahili cha Kongo na yeye hataelewa. “Mwana wanje,” aliniambia, yaani mwanangu, “wewe ni rafiki yake. Njoo useme kwa niaba yetu.”

Tulipanda gari la wauza mkaa. Generoza alilala juu ya magunia matupu, kichwa mapajani pa mama yake, amekonda kila mahali isipokuwa tumboni. Hakunisemesha. Hospitali ya kambini ilikuwa mahema na jengo moja la mabati, na daktari aliyetupokea alikuwa Mkongo mfupi aliyevaa kandambili. Aliuliza maswali, mimi nikayageuza kwa Kiha, na majibu nikayarudisha. Aliuliza maumivu yalianza lini. Aliuliza kama yanakuja kwa mwezi, na yanakaa siku ngapi. Aliuliza kama msichana amewahi kuona damu, na Generoza akajibu mwenyewe, akimtazama, kwamba hajawahi. Daktari hakucheka. Aliandika, kisha akavuta pazia akampima, na mimi na mama tukabaki nje tukitazama bomba la maji na foleni ya ndoo. Hazikupita dakika tano akatoka.

“Mutoto huyu hana mimba,” alisema. “Na hawezi kuwa nayo, mama. Kuko ngozi kidogo imefunga njia, alizaliwa nayo. Damu yake ya kila mwezi iko inakuja, inakosa pa kutokea, inajikusanya ndani. Karibu miaka mbili. Tutapasua kidogo, dakika kumi, ataamuka muzima.”

Ilinibidi niyaseme maneno hayo kwa Kiha. Nimefanya kazi ya utabibu miaka zaidi ya ishirini, nimewaambia watu habari za kila namna, na bado sijasema sentensi nzito kuliko zile. Mama alisikiliza hadi mwisho. Aliniuliza kama hakuna mtoto. Nikamwambia hakuna, hakuwahi kuwapo. Akaniuliza tena, kisha akasema, “Nilimpiga kwa mwiko wa ugali,” akakaa chini kwenye udongo. Daktari alitaka kujua nani alisema ni mimba. Nilipomweleza habari za shule aliuliza kwa mshangao wa kweli, “Mbele ya kumufukuza, hawakumuleta kwa dokta hata mara moja?” Nikasema hapana. Sikusema habari za kiti chenye mto.

Ilikuwa dakika kumi kweli, labda kumi na mbili. Siku ya tatu Generoza alitembea hadi kwenye bomba na kurudi, tumbo limelala kama la mtu mwingine. Daktari akaandika barua kwa mkuu wa shule, kurasa mbili, akapiga muhuri. Shule zilipofunguliwa mwezi wa kwanza tuliipeleka, mama yake, yeye na mimi. Mkuu alikuwa safarini, kwa hiyo tulipokelewa na Mwalimu Ndimbo, katika ofisi ile ile. Alituacha tumesimama. Aliisoma barua mara mbili, akiipanua kwenye mwanga kana kwamba ni noti. Kisha akaeleza, kwa subira ya mtu anayeeleza kwa wapumbavu, kwamba rejista imefungwa, kwamba sababu imeandikwa na kupelekwa juu, na kwamba hii ni barua ya kambini. Mama aliniuliza anasema nini. Sikuweza kugeuza.

Generoza akasema, “Mwalimu, barua inasema sikuwa na mimba.”

“Sawa,” akajibu. “Lakini wenzako waliona umeondoka na tumbo. Ukirudi bila tumbo na bila mtoto, watajifunza nini? Watajifunza kwamba inatolewa na maisha yanaendelea.” Akaikunja barua, akamrudishia, akanigeukia. “Paskazia, wewe ulikaa naye. Una la kuongeza?”

Nilikuwa nalo. Nikasema sina. Nilikuwa nimefaulu kwenda kidato cha tatu, jina langu lilikuwa ubaoni nje, na ndani ya kifua changu nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu. Walitoka. Niliwaona kupitia dirishani wakikatisha uwanja wa mpira, mama mbele, binti nyuma, wote wawili wamenyooka, na kengele ya kipindi cha kwanza ikalia, nikaenda darasani.

Basi huyo ndiye aliyekuwa akitufundisha Kasulu kuhusu mahitaji ya vijana. Wakati wa chakula cha mchana nilichukua sahani yangu nikaenda kukaa mbele yake. Alikuwa anakula kuku kwa bidii. Nilimwambia nilisoma Kibondo, akafurahi, akaniuliza mwaka gani, akasema alijua tu kwamba mbegu zake zimeota. Nikamwuliza kama anamkumbuka Generoza. Alifikiri, akatafuna.

“Generoza, Generoza. Yule Mrundi aliyepata mimba?”

Nikamweleza yote, kitabibu, polepole, kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu wa mafunzo kwa vitendo. Nilimkumbusha barua. Nilimwambia juu ya dereva na mkono wake, na kwamba habari za dereva nilizitunga mimi, mezani kwake, nikinywa chai yake. Nilitazamia akasirike, au akane, au asimame. Alifuta vidole kimoja kimoja kwa karatasi. Akasema wakati ule hawakuwa na elimu hii, na ndiyo maana ya semina kama hizi. Kisha macho yake yakang'aa. “Huo ni mfano mzuri sana, dada. Uusimulie kipindi cha saa nane, washiriki watausikia vizuri zaidi kutoka kwako. Usitaje jina la shule tu.”

Nilikuwa nimemdharau mtu huyu miaka thelathini, na nilidhani dharau yangu ilimfikia mahali fulani, kama ndoto mbaya. Haikuwahi kumfikia. Niliacha kabrasha mezani, nikapanda gari la Kibondo, na kutoka Kibondo nikaunganisha hadi Kakonko.

Generoza ana duka la nafaka karibu na soko la Kakonko. Hakusoma tena. Aliolewa, akapata watoto wanne, akafiwa na mume, akaendelea kuuza. Tumekuwa tukionana miaka yote hii, harusi na misiba, na huniletea maharage ya kolongo, mbegu ya kwetu, kila mavuno. Kwa wanaotuona sisi ni marafiki wa tangu shule. Nilimkuta anapima mchele. Nilisubiri mteja aondoke, nikamwambia nimemwona Ndimbo, nikamsimulia habari za semina na kuku, na alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha nikamwambia kwamba kuna jambo sijawahi kumwambia. Nikasema ni mimi niliyesema habari za dereva.

Aliendelea kufunga mfuko wa mchele. Alipomaliza fundo alisema, “Najua. Ndimbo aliniambia siku ile ile aliponifukuza, kabla hujafika chumbani. Alisema hata rafiki yako mwenyewe kakushuhudia.”

Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akasema alinipa nafasi niseme mwenyewe, pale chumbani, nikamwambia habari za kodi. Akanipa nyingine Nduta, na nyingine ofisini, mbele ya mama yake. “Baada ya hapo nilikudharau,” alisema, bila ukali, kama anayetaja bei. “Nilikudharau sana, Paska, labda miaka kumi. Nilikuwa nakuona umevaa koti jeupe, nasema moyoni, huyu naye. Halafu watoto wakazaliwa, duka likanishika, nikakosa muda.”

Nilikuwa nimewahesabu wote wanaostahili kudharauliwa kuanzia mwaka ule, Ndimbo, matroni, walimu waliotazama milima, na nilijiweka mwenyewe kwenye orodha kama mtu anayejiandikia faini ndogo. Haikuwa imenijia hata siku moja kwamba mwenye haki ya kutudharau alikuwa ameshafanya hivyo, akamaliza, akaendelea na kazi yake, na maharage aliyonipa kila mwaka alinipa akijua.

Kitinda mimba wake aliingia kutoka shule, msichana wa miaka kumi na minne, kidato cha pili, mrefu kama mama yake, akaniamkia shikamoo na kuweka begi chini. Generoza alimtazama, kisha akanitazama mimi. Akasema amekuwa akijaribu kumweleza mtoto huyu habari za mwili wake na kila mara hukwama katikati, kwa sababu akifika mahali fulani sauti hukatika, na mtoto anaanza kumwonea huruma, naye hataki kuonewa huruma na mtoto wake.

“Mweleze wewe,” aliniambia. “Yote. Ya damu, ya mimba, na ya mwaka ule. Na ukifika ofisini kwa Ndimbo usiruke.”

Akatoka kwenda kufunga milango ya mbele ya duka. Msichana alivuta gunia la maharage akakaa, mikono magotini, akanisubiri. Nikamwambia jina langu kamili, nikaanza.